Gari ya zamani inalia kwiii mbele: upake grisi, ubadili bushi, ununue wishiboni mpya au uchukue ya mtumba?

Kama unaendesha Corolla 110 au Toyota yoyote ya rika lile, hii sauti unaijua. Unapanda tuta taratibu, huku mbele chini inatoka kwiiii, kama kile kitanda cha chuma cha bweni mtu akijigeuza usiku. Unashuka tuta, kwiiii tena. Mwanzo unaongeza redio. Baadae abiria wanaanza kuuliza gari ina nini, na watu wa nyumbani wanajua umerudi kabla hujapiga honi.

Hizi 110 za soko la Japani zilitengenezwa kuanzia 1995 hadi 2000, kwa iyo hata ile changa kuliko zote ishafika miaka 25, na mipira ya chini mara nyingi ndo ileile ya kiwandani au ilibadilishwa mara moja na mtu ambae hata humjui. Lazima ilie. Kinachochosha ni kwamba ukienda gereji nne utapewa majibu manne, mmoja atakwambia pulizia tu itanyamaza, mwingine badili bushi, yaani hiyo mipira ya kwenye maungio, wa tatu nunua wishiboni nzima usijisumbue, ule mkono wa chuma wa chini unaoshika tairi, na wa nne anamjua jamaa wa Gerezani kule Dar ana wishiboni za mtumba toka Japani. Na wote wanne wanaweza kuwa sahihi, inategemea gari yako imefikia wapi na wewe mwenyewe uko kwenye hali gani, ndo maana nimeona niziweke zote mezani.

Kwanza jua ni nini kinacholia

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo hela inapotea. Mimi 110 yangu ilianza kulia kiangazi, fundi akabonyeza bonyeza boneti dakika moja akasema shokapu, nikanunua shokapu mbili za mbele, zikafungwa, natoka gereji tuta la kwanza tu kwiiii. Hela imeenda na sauti iko palepale. Wiki kadhaa mbele ikanyesha mvua kubwa, gari ikanyamaza kabisa siku nzima, jua lilivyorudi na sauti ikarudi. Hiyo mvua iliniambia zaidi ya yule fundi: kama sauti inapotea maji yakiingia, basi ni mpira mkavu unasuguana na chuma, na shokapu ilisingiziwa tu.

Kwa iyo fanya hivi. Chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kupigia pasi inatosha. Gari iwe imesimama kwenye matairi yake, kwenye shimo la gereji ndo rahisi zaidi, kama huna shimo kata stering mpaka mwisho upate upenyo wa kuona ndani. Mtu mmoja anabonyeza kona ya gari juu chini juu chini, wewe unalowesha mpira mmoja, unasikiliza, unahamia mwingine. Usilowanishe vyote kwa mpigo, maana hapo utakuwa umeosha gari tu. Ule ambao ukipata maji sauti inakata, huo ndo mwenyewe. Kama masikio yanakuchanganya chukua bisibisi ndefu, ncha iguse chuma karibu na bushi na mshikio uweke sikioni, sauti itakuja wazi kabisa. Mikono iwe mbali na springi wakati mtu anabonyeza.

Mpira wa stabilaiza, ile nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia gari isilale kwenye kona, nao unalia vilevile, tena mara nyingi ndo huo unaopiga kelele kwenye matuta mwendo ukiwa mdogo. Kuutenganisha ni kazi ndogo, fungua stabilaiza linki, vile vifimbo vya pembeni vinavyoishikilia, pande zote mbili, zifunge na waya zisining'inie, afu zunguka mtaani pole pole. Ikinyamaza umempata, na hapo huna haja ya kusoma hii ulinganisho yote, nunua mipira miwili ya stabilaiza na linki kama zimechoka, ni vitu vya bei ndogo na vinafungwa muda mfupi.

Kama inalia zaidi ukikata stering gari imesimama, weka kiganja kwenye springi huku mwenzio anazungusha stering taratibu. Springi ikikwama afu ikaruka ghafla, tatizo liko juu, kwenye maunti ya shokapu, pale inapofungwa kwenye bodi, na beringi yake. Hilo nalo ni jambo lingine.

Inabaki boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachounganisha wishiboni na tairi, na hii naomba uichukulie kwa uzito wake. Ikilia, inatoa mlio mzito kidogo, wa kukoroma, kwa sababu kile kimpira chake cha nje kimechanika, vumbi na maji yameingia, grisi imeisha. Inua tairi kwa jeki, weka stendi, afu mwenzio aingize nondo chini ya tairi ainue wakati wewe unaangalia boljointi. Ikicheza, hata kidogo cha kuonekana kwa macho, acha habari ya kelele, gari isitembee mpaka ibadilishwe. Boljointi ikichomoka tairi linalala chini ya fenda na huna stering tena, na haichagui kuchomokea uani kwako, inaweza kuchomoka uko nyuma ya lori barabara ya Morogoro.

Basi tuchukulie umepima na ni bushi za wishiboni, maana kwa magari ya umri huu ndo zinazoongoza.

Nimepima kwa vigezo gani

Hela, ya leo na ile itakayokuja baadae. Muda gari italala gereji. Itadumu vipi kwenye barabara zetu. Usalama. Zana anazohitaji fundi, maana sio kila gereji ina presi, ile mashine ya kusukumia bushi ndani na nje. Na gari itakavyokuwa mkononi ukiwa barabarani. Bei za spea sitaandika namba, Kariakoo bei ya asubuhi na ya jioni hazifanani na Kirinyaga Road kule Nairobi ni hivyohivyo, nitasema tu ipi ni nyepesi na ipi ni nzito.

Kitu kimoja cha kuelewa kabla hatujaingia: bushi ya kawaida ni mpira uliogandishwa katikati ya bomba mbili za chuma, moja ndani moja nje. Wishiboni ikipanda na kushuka, mpira unajisokota tu, hautelezi popote. Ukizeeka unapasuka au unaachia chuma, na ukishaachia ndo unaanza kuteleza na kusuguana, na huko kusuguana ndo kwiiii unayoisikia. Hilo ukilishika, zingine zote zitaeleweka.

Kulainisha tu

Hii ndo nyepesi kuliko zote mfukoni. Kopo la silikoni ya kupulizia, dakika ishirini, huhitaji hata kufungua tairi. Gari inanyamaza siku hiyohiyo na watu wengi wanadhani wamepona.

Ila kudumu, hapana. Vumbi la kiangazi linakausha, mvua inaosha, baada ya siku au wiki chache unarudi palepale. Na kwa kuwa bushi haikutengenezwa iteleze, kuipaka mafuta ni kunyamazisha mtoto anaelia bila kuangalia anaumwa nini. Ule mpasuko upo na unaendelea.

Kosa ambalo naliona kila siku ni watu kupaka oili chafu, dizeli au grisi ya kawaida. Mpira asilia ukikutana na mafuta ya petroli unavimba na kulegea kama mkate uliodumbukizwa kwenye chai, kwa iyo umenunua ukimya wa wiki mbili kwa kuua bushi kabisa. Hata yale makopo maarufu ya kulegeza bolti zenye kutu sio ya kazi hii. Silikoni pekee. Na funika diski ya breki kabla hujapulizia, tone likienda kule breki haitashika.

Boljointi nayo kuna wanaoichoma grisi kwa sindano kupitia kile kimpira. Kama kipimo ni nzuri sana, ikinyamaza umejua ni yenyewe. Kama tiba, inakupa muda tu wa kutafuta mpya, na kwa sharti kwamba haichezi.

Inamfaa nani? Mtu ambae ameshapima, ameona mpira una nyufa ndogo tu za juu juu, wishiboni haichezi, na anajikusanya mpaka mwisho wa mwezi. Pia anaetaka kuhakikisha chanzo kabla ya kununua kitu.

Kubadili bushi peke yake

Wishiboni yako inabaki, zinatolewa bushi za zamani zinaingia mpya. Spea zenyewe ni nafuu kuliko wishiboni nzima, ila ufundi unakula hela zaidi kwa sababu kazi ni nyingi: kushusha wishiboni, kupeleka kwenye presi, kutoa, kuingiza, kurudisha, afu wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha matairi. Tenga siku nzima. Ukiwa Dar au Mombasa tenga na uvumilivu, chumvi ya bahari inafanya bolti iote kutu ndani ya bomba la bushi mpaka vinakuwa kitu kimoja, nimeona bolti ikikatwa kwa grainda kwa sababu haikutoka kwa njia nyingine yoyote. Nunua bolti mpya za akiba kabla ya kuanza.

Presi ndo roho ya hii njia. Gereji isiyo na presi itatoa bushi kwa kuichoma moto na kuingiza mpya kwa nyundo, na ile nyundo inapinda bomba la nje au inaingiza bushi upande, mpira unaanza maisha ukiwa umeshaumia. Uliza kabla hujafungua gari: presi iko wapi? Bushi nyingine zina upande wake pia, zina alama au uwazi ambao lazima uelekee sehemu fulani, kwa iyo piga picha za zamani zikiwa bado ndani.

Kudumu inategemea mpira. Bushi nzuri iliyofungwa vizuri inakaa miaka mingi, ya ovyo inaweza ikapasuka kabla mwaka haujaisha. Na zile za kuchonga kutoka kwenye tairi kuukuu, ambazo uko mikoani bado zipo, zinasaidia mtu kufika nyumbani, lakini hazina ule mshikamano wa mpira na chuma, gari inapepesuka na kelele inarudi haraka. Mafundi wanaozichonga wana mikono ya ajabu, nawaheshimu, ila spea ikipatikana chukua spea.

Kuna pia za poliuretheni, zile ngumu za rangi nyekundu au njano. Hizi zimetengenezwa ziteleze kwenye bomba la ndani, kwa iyo zinataka grisi yake maalum wakati wa kufunga, na grisi ikiisha nazo zinalia, tena kwa sauti kali kuliko mpira. Zinadumu, stering inakuwa kali na ya haraka, ila kila kokoto unaisikia mgongoni. Kwa mtu anaesumbuliwa na kelele mimi nisingemshauri aanzie hapo.

Usalama ni mzuri mradi wishiboni yenyewe imenyooka. Kama gari iliwahi kuingia shimo vibaya, tairi inalika upande wa ndani na stering inavuta, basi chuma kinaweza kuwa kimepinda na bushi mpya ndani ya chuma kilichopinda ni hela ya bure.

Inamfaa anaekaa na gari yake muda mrefu, ana fundi mwenye presi, na boljointi bado nzima. Kwenye 110 boljointi imefungwa kwa bolti na nati chini ya wishiboni, inabadilika peke yake, kwa iyo huna sababu ya kutupa wishiboni nzima kwa ajili yake.

Wishiboni mpya nzima

Spea ni ghali zaidi, ufundi ni nafuu zaidi, na ukijumlisha kuna wakati tofauti na kupresi bushi ni ndogo kuliko ulivyodhani. Fanya hesabu ya vyote viwili, spea na mkono wa fundi, usilinganishe bei ya dukani peke yake. Muda ndo faida yake kubwa, hakuna presi, hakuna kubembeleza bushi, fungua ya zamani funga mpya, nusu siku unatoka. Isipokuwa kuna magari bolti ya wishiboni upande wa gearbox haitoki mpaka ushushe krosimemba, ile boriti ya chuma ya chini ya injini, au unyanyue injini kidogo, hilo fundi aliangalie kabla hajakutajia bei.

Kudumu ndo penye kamari. Za kiwandani kweli zinadumu ila bei yake inaweza kukimbizana na thamani ya gari. Hizi nyingine zinatofautiana sana, nimeshika wishiboni mbili kwenye duka moja, boksi zinafanana, moja mpira umejaa na umeshikana, nyingine ukibonyeza kwa kidole gumba unaona umeanza kuachia chuma ikiwa bado haijatoka dukani. Boksi lenye jina kubwa sio ushahidi. Nenda na ya kwako ya zamani mkononi, zilaze pamoja kaunta, angalia urefu, matundu, mashono ya welding, na uulize kama boljointi imo, maana zingine zinauzwa bila.

Gari ikishafungwa hizi inajisikia mpya upande wa mbele, imetulia. Inamfaa ambae wishiboni yake imepinda au imeliwa na kutu, ambae bushi zote na boljointi vimekufa pamoja, na ambae gari ikilala gereji anakosa hela ya siku.

Wishiboni ya mtumba

Hii imekatwa kwenye gari lililochinjwa Japani, inakuja na kontena. Bei iko katikati, mara nyingi chini ya mpya nzuri. Muda wa kufunga ni sawa na mpya. Sifa yake ni chuma, ni chuma cha kiwandani chenyewe, vipimo ni sahihi, matundu yanakaa bila kulazimisha, na hilo mafundi wanalipenda na wana haki.

Tatizo ni mpira. Hiyo 110 iliyochinjwa ilikuwa na umri kama wa kwako, na mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu. Umetembea barabara laini kuliko zetu, sawa, kwa iyo unaweza kuwa na maisha yaliyobaki, ila mengi kiasi gani hakuna atakaekwambia. Na zikitoka sehemu za theluji, kule wanamwaga chumvi barabarani, kutu inakuwa imeanza. Pindisha mpira kwa nondo dukani, angalia nyufa zinafunguka kiasi gani, zungusha boljointi kwa mkono, iwe nzito na laini, ikiwa nyepesi kama kifuniko cha chupa iache. Kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hela haijatoka mfukoni.

Inamfaa mwenye jicho la kuchagua, au anaekwenda na fundi wake. Na kuna matumizi yake moja naipenda: chuma chako kikiwa kimepinda, chukua mtumba iliyonyooka, afu presi bushi mpya ndani yake. Unapata chuma cha kiwandani na mpira mpya. Hela ni zaidi kidogo, lakini gari inatulia haswa.

Jambo moja linalohusu zote tatu za kubadili

Bolti za wishiboni zenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa matairi yake, sio ikining'inia kwenye jeki. Nakumbusha, mpira unajisokota, hautelezi. Ukikaza gari ikiwa juu, wishiboni imening'inia, basi ukishusha gari mpira unabaki umesokotwa muda wote hata ukiwa umepaki, na kila tuta linauongezea. Bushi zangu za kwanza zilikufa hivyo, zilikuwa nzuri, zilipresiwa vizuri, zikakazwa gari juu ya jeki, na miezi michache tu nyufa zile na sauti ileile. Mara ya pili nilisimama pale, bolti zikafungwa kwa mkono tu, gari ikashushwa, ikasukumwa mbele nyuma ikae sawa, ndo zikakazwa kwenye shimo. Mpaka leo kimya. Fundi akisema haina tofauti, mwambie kwa upole wewe utalipia hizo dakika kumi za ziada.

Na badili kushoto na kulia pamoja, afu wili alaimenti, hasa ukibadili wishiboni.

Sasa wewe uko wapi?

Una safari ya mkoani keshokutwa na gari inalia: pima boljointi leo. Haichezi na kimpira chake kizima, pulizia silikoni nenda salama, ukirudi shughulikia. Inacheza, safiri na basi.

Unafanya Bolt au Uber na marejesho yapo kila wiki: wishiboni mpya pande zote, uliyoikagua kwa mkono, gari irudi barabarani jioni hiyohiyo. Kupresi bushi kunaweza kukugharimu siku mbili bolti ikigoma.

Gari ni ya familia na hufikirii kuiuza: bushi bora kwenye wishiboni zako mwenyewe, presi, boljointi mpya kama kimpira kimechanika. Pesa kubwa weka kwenye ubora wa mpira.

Uko mbali na mji, hakuna presi: ama ununue nzima, ama ufungue wishiboni uzitume kwa basi kwa fundi wa mjini zirudi zimepresiwa. Watu wanafanya hivyo kila siku, mradi umeandika kushoto na kulia kwa rangi.

Hela ipo ya upande mmoja tu: anza na boljointi mbovu popote ilipo, kisha upande wenye bushi iliyochanika zaidi, na mwezi unaofuata umalizie wa pili. Huo uliobaki endelea kuuchungulia kila ukiosha gari.

Unataka kuiuza: ifunge mtumba nzuri au iache kama ilivyo, na mnunuzi mwambie bushi zimechoka ili akupunguzie anachokupunguzia. Kuipulizia silikoni asubuhi ya siku ya kuonyesha, na yeye anaenda kupakia watoto wake humo, hapana.